Jinsi ya kuingiza idara ya kaunti kwa sistimu ya oda za kazi na mali, na isife mwezi wa tatu

Naandika hii juu maswali ni yaleyale kila wiki. Mtu wa ICT amepewa barua kwamba idara yake inaingia kwa sistimu, ama injinia wa taa ameona wenzake wako na dashibodi na yeye bado anabeba kaunta buku, na wote wananiuliza kitu kimoja kwanza: tununue softiwea gani? Nitajibu, lakini jibu liko hatua ya tano na liko hapo kwa sababu. Hizi sistimu nimezifanyia kazi miaka kadhaa hapa Nairobi na viunga vyake, na zile nimeona zikifa, nyingi zilikufa kabla hata mtu hajabonyeza chochote, zilikufa kwa hesabu mbaya ya vitu na kwa fundi ambaye hakuambiwa.

Wacha nikupe picha moja ndio tuelewane. Depo fulani, saa mbili asubuhi, supavaiza amefungua kaunta buku lake, kurasa zimekunjika pembe na kuna alama ya chai. Nikakaa chini nikasoma miezi minne nyuma. "Taa ya steji." "Taa mkabala na kanisa." "Taa karibu na kibanda cha mama wa chapati." "Taa ya steji, imezima tena." Nikamuomba fundi anipeleke. Tukatembea dakika kumi tu kutoka depo. Ilikuwa nguzo moja. Imetengenezwa mara saba ndani ya miezi minne, balbu mpya, balasti mpya, balbu tena, na shida ilikuwa jointi ya kebo chini ya ardhi inayoingia maji kila mvua ikinyesha. Mafundi saba tofauti, kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, lakini hakuna mahali hizo safari saba zilikutana. Kama nguzo ingekuwa na namba, mara ya tatu tu mtu angeuliza kunani hapa.

Hiyo ndio kazi ya hii sistimu. Mali ni kitu cha kaunti chenye namba yake: nguzo, gari, jenereta, choo cha soko. Oda ya kazi ni agizo la kazi moja, kwa mali moja, lenye jina la aliyepewa na siku ilipofungwa. Oda isiyo na namba ya mali ni kaunta buku lililohamia kwa simu. Na kwa madereva eleza mapema, usichanganye na ile tiketi ya gari wanajaza safari na kilomita, mimi niliwahi kuitisha "oda zote za kazi" kwa mkutano na nikaletewa vitabu kumi na moja vya safari za magari.

Kabla hujaanza, hakikisha uko na hivi vitu:

- Barua yenye sahihi ya chifu ofisa wa idara. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inamfanya yeye ndiye mwenye dhamana ya mali ya idara, kwa hivyo bila sahihi yake wewe ni mtu anayezunguka akipiga picha nguzo za watu.
- Mtu mmoja ambaye hii ndio kazi yake, si nyongeza. Karani mzuri anashinda injinia asiye na muda.
- Simu mbili tatu za Android za kawaida, pawabanki, na bandoli zinazolipwa na ofisi. Usiniambie fundi atatumia bandoli yake. Hatatumia, na hafai kutumia.
- Rangi, stensili, ama stika za plastiki zinazovumilia jua.
- Rejista yoyote ya zamani, hata kama imeliwa na panya.
- Saa moja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hii watu wanairuka halafu wanajuta.

Hatua ya 1. Chagua idara moja na aina moja ya mali

Jedwali la Nne la Katiba limepea kaunti vitu vingi, barabara za kaunti, taa za barabarani, masoko, zimamoto, zahanati, shule za chekechea. Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wodi 85. Ukisema unaanza na vyote kila mahali, mwaka utaisha ukiwa bado kwa mikutano. Chagua kitu kimoja.

Rahisi kabisa ni magari, juu tayari yako na namba, mengi ya kaunti ya Nairobi namba zake zinaanza na 47CG, na kuna mtu anajua liko wapi. Taa za barabarani ni za pili na ndizo napenda zaidi, juu mwananchi anaona matokeo usiku huohuo. Usianze na mitaro. Mtaro unaanzia wapi na unaishia wapi? Hilo swali peke yake litakula mwezi.

Hatua ya 2. Jua nini ni chako

Hapa ndipo watu wa Nairobi wanaumia. Barabara mbili zimepakana, moja ni ya kaunti, ingine iko chini ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na kwa macho huwezi tofautisha. Nguzo ya mbao yenye taa juu yake, mara nyingi nguzo ni ya Kenya Power na taa ni ya mtu mwingine. Majengo nayo mengi yalirithiwa kutoka kwa baraza la jiji kaunti zilipoanza 2013, na karatasi zake hazikukuja zote.

Usisubiri mjue yote ndio muanze. Weka safu inaitwa "mwenye", na majibu manne tu: yetu, ya mwingine, ya pamoja, haijulikani. Hiyo "haijulikani" iandike bila aibu, mkaguzi atakuheshimu zaidi ukimuonyesha orodha ya vitu ambavyo umiliki wake haujathibitishwa kuliko ukimpa rejista safi ambayo akienda saiti haipati.

Hatua ya 3. Tengeneza namba isiyo na akili

Yaani namba isieleze chochote zaidi ya aina. TB-004317, TB ni taa ya barabarani, basi. Watu wanapenda kuweka wodi, barabara, mwaka, aina ya balbu, namba inakuwa ndefu kama ya akaunti ya benki. Halafu mipaka ya wodi inabadilishwa, ama jenereta inahamishwa kutoka zahanati moja hadi ingine, na namba imeanza kudanganya. Wodi ni safu ndani ya rejista, inabadilika bila kugusa namba.

Namba iandikwe kwa rangi kwenye nguzo, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, upande unaoangalia barabara. Stika za QR ni nzuri kwa vitu vya ndani, kompyuta, friji za chanjo, jenereta. Nje, kwa nguzo, ndani ya wiki moja kuna bango la kampeni ama la mganga limebandikwa juu yake. Rangi inasomeka na mwananchi pia, akipiga simu anakusomea namba badala ya kukuambia taa iko karibu na mama wa chapati.

Hatua ya 4. Tembea uhesabu

Hii ndio kazi yenyewe. Tumia KoboToolbox ama ODK, zote zinajaza fomu bila intaneti na kutuma ukifika mahali pa mtandao. Fomu iwe na vitu vinane, si arobaini: namba, aina, GPS, wodi, mwenye, hali, picha mbili, tarehe. Moja ya picha ionyeshe namba ikisomeka, ya pili kitu chote na mazingira yake.

Nenda na fundi anayejua eneo. Usitume wanafunzi wa atachment peke yao, watahesabu vizuri lakini hawatajua kwamba ile nguzo imelala kwa nyasi nyuma ya kibanda pia ni ya kaunti, na fundi anaijua juu aliangalia gari likiigonga.

Tahadhari kwa GPS. Simu kwenye uwanja wazi inakosea mita chache tu, lakini katikati ya majengo marefu ya tauni inaweza kukurukisha ng'ambo ya barabara. Simama, subiri sekunde thelathini hadi usahihi ushuke chini ya mita kumi, ndio ubonyeze. Nguzo zikiwa mita thelathini kutoka moja hadi ingine, kosa la mita ishirini linakupeleka kwa nguzo ya jirani.

Na usijaze ukiwa ofisini kwa kumbukumbu. Nimeona rejista ambapo nguzo mia moja zina GPS moja, ya paking ya ofisi.

Hatua ya 5. Sasa ndio softiwea

Wakati huu unajua una vitu vingapi na ni vya aina gani, kwa hivyo muuzaji hawezi kukuuzia hewa. Muulize haya akiwa mbele yako, na akuonyeshe, asikuambie:

Zima data kwa simu, fungua oda, weka picha, funga oda, washa data. Imeenda? Kama haijaenda, asante na kwaheri.

Nikitaka kuondoka, nitatoa data yangu yote, pamoja na historia ya oda na picha, kwa faili nitakayofungua na Excel? Hilo jibu liandikwe kwa mkataba.

Leseni ni kwa kila mtu ama kwa idara? Hili linaua watu. Unanunua leseni kumi juu ni bei nafuu, zinachukuliwa na watu wa ofisi, na mafundi thelathini wanaofanya kazi hawana hata moja. Kama pesa ni kidogo, fundi ndiye wa kwanza kupewa, bosi anaweza kusoma ripoti kwa PDF.

Majina ya vitufe naweza kuyabadilisha yawe Kiswahili? Sistimu nyingi zinakubali. Fundi akiona "Anza", "Nasubiri", "Nimemaliza", mafunzo yanakuwa ya nusu saa.

Kuna za bure pia. openMAINT ni huria na inabeba majengo na matengenezo, lakini inahitaji mtu wa ICT aliye na uvumilivu. Snipe-IT ni nzuri sana kwa laptopu na simu za ofisi, usijaribu kuendesha taa za barabara nayo. Bure maana yake leseni ni bure, seva na mtu wa kuiangalia si bure.

Ununuzi utapitia sheria ya ununuzi wa umma na uuzaji wa mali ya 2015, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hivyo kama leseni ya mwaka wa pili haiko kwa bajeti unayoandika sasa, sistimu itazimwa ukiwa ndio umeizoea. Angalia hiyo hasa kama mfadhili ndiye analipa mwaka wa kwanza. Na kama utachukua namba za simu za wananchi wanaoripoti, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu, usioneshe namba ya mwananchi kwa kila fundi na kila kontrakta, oda inahitaji mahali na tatizo, si jina la aliyelalamika.

Hatua ya 6. Oda iwe fupi, na "inasubiri" iwe na sababu

Oda ipite hatua tano: imefunguliwa, imepewa mtu, inaendelea, inasubiri, imefungwa. Uzito upe ngazi tatu tu. Dharura ni kitu kinachoweza kuua leo, waya uchi kwenye nguzo, manholi wazi karibu na shule. Haraka ni ndani ya siku tatu. Kawaida ni foleni. Ukiweka ngazi saba kila kitu kitakuwa ngazi ya kwanza.

Lakini mahali pa kuweka akili yako yote ni "inasubiri". Mlazimishe mtu achague kwa nini: spea, mafuta, gari, kontrakta, ruhusa, polisi au usalama. Hiyo orodha ndogo ndio itakusaidia kuliko ramani yoyote ya rangi. Idara moja niliyokaa nayo kila mtu alikuwa anasema mafundi ni wavivu. Tukaweka hizo sababu, wiki sita, na sehemu kubwa ya oda zilizochelewa zilikuwa zinasubiri gari la ngazi ya kupanda juu, ambalo lilikuwa gereji likisubiri tairi. Mafundi walikuwa wanakuja kazini kila siku na kukaa. Hao watu walikuwa wamebeba lawama ya tairi.

Hatua ya 7. Unganisha na stoo, kwa mkono kwanza

Usijaribu kuunganisha na IFMIS, ile sistimu ya fedha ya serikali, mwaka wa kwanza. Fanya kitu kimoja: stoo isitoe balbu bila namba ya oda kuandikwa kwa S11, ile fomu ya kutoa vitu stoo. Basi. Spea zikiingia kwa fomu ya kupokea, S13, na kutoka kwa S11 yenye namba ya oda, mwisho wa mwezi karani anaweza kukuambia kila balbu ilienda nguzo gani. Kipa stoo atalalamika wiki ya kwanza, halafu atakuwa rafiki yako mkubwa, juu wakati wa ukaguzi yeye ndiye hulala akiwa na wasiwasi.

Hatua ya 8. Funza kwa depo, si kwa hoteli

Mafunzo ya hoteli yanafunza watu ambao hawatafungua oda hata siku moja. Nenda depo saa moja na nusu asubuhi, kabla gari halijatoka, na ufanye na oda za kweli za siku hiyo. Panda gari nao. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ambia mafundi ukweli mbele ya mwakilishi wao: sistimu itaonyesha uko saiti saa ngapi, na pia itaonyesha kazi umefanya ambayo hakuna mtu amewahi kuiandika. Halafu uongee na bosi, akubali kwamba miezi mitatu ya kwanza ripoti inatumika kununua spea na kupanga magari, haitumiki kuandikia mtu barua ya onyo. Fundi mmoja akiadhibiwa kwa data yake mwenyewe, kesho yake depo yote itafunga oda saa kumi jioni kwa mpigo na hutajua tena kitu chochote cha kweli.

Na kaunta buku libaki mwezi mzima sambamba. Baada ya hapo lifunge, na usilirudishe, vitu viwili vikiendelea pamoja kile cha zamani kinashinda.

Hatua ya 9. Ratiba za matengenezo, zikija mwisho

Ukishafunga oda za kuharibika kwa miezi mitatu hivi, anza zile za kuzuia. Gari kwa kilomita, jenereta kwa masaa kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, vizima moto viangaliwe kila mwezi na huduma kila mwaka. Mitaro, ukishaiweka kwa rejista, oda zake zitoke Februari kabla ya mvua ndefu ya Machi hadi Mei, na Septemba kabla ya vuli. Wale waliokuwa hapa wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Weka ratiba chache ambazo mnaweza kufanya kweli, oda mia mbili za kuzuia ambazo hazijaguswa zitafanya watu wazoee kuona nyekundu.

Mambo yanayokwama, na cha kufanya

*Nguzo zangu zinaonekana Samburu.* Umepoteza alama ya kutoa. Nairobi iko kusini ya ikweta, latitudo ni kama -1.28, ukiandika 1.28 nguzo inahamia kaskazini, upande wa Maralal. Na kama zinaonekana baharini karibu na Hispania, umebadilisha latitudo na longitudo, 36.82 imeingia mahali pa -1.28.

*Namba za simu zimepoteza sifuri, na tarehe zimechanganyika.* Ni Excel. Kabla ya kubandika, fanya safu iwe maandishi. Tarehe nayo iandike kwa mtindo wa 2025-04-03, juu 3/4 kompyuta moja inasoma Aprili na ingine inasoma Machi.

*Mali moja imeingia mara mbili.* Itatokea, timu mbili zimekutana kona moja. Usifute. Chagua namba moja ibaki, ile ingine iwekwe "imeunganishwa na", na historia ihamie. Ukifuta, oda zake zinabaki yatima.

*Oda zote zinafungwa Ijumaa saa kumi.* Mtu mmoja anafungia wenzake ofisini. Uliza kwanza kama simu za saiti zina bandoli na chaji, mara nyingi shida iko hapo. Kama zipo, lazimisha picha ya baada ya kazi ipigwe kwa kamera ya sistimu, isichaguliwe kutoka kwa galari.

*Supavaiza anaandika oda zote kwa mali moja inaitwa "MENGINEYO".* Hiyo mali nani aliiumba? Iondoe. Acha mahali pa kusema "mali haina namba", na kila oda ya hivyo izae oda ya pili ya kwenda kupaka namba.

*Simu za MCA (mwakilishi wa wodi) na wakubwa zinaruka foleni.* Zitaruka, usipigane nazo. Fungua oda kama kawaida, na kwa "chanzo" andika maagizo ya ofisi. Baada ya miezi miwili toa hesabu ni ngapi, na kazi gani zilisogezwa nyuma, mpelekee chifu ofisa bila maneno mengi.

*Mtu aliyejua sistimu amehamishwa.* Ndio maana akaunti ya msimamizi mkuu isiwe kwa imeili ya mtu binafsi. Iwe imeili ya ofisi, nywila iwe kwa bahasha iliyofungwa kwa chifu ofisa, na kila mwisho wa mwezi nakala ya data yote itolewe na kuwekwa diski ambayo haikai chumba kimoja na seva. Ijaribu hiyo nakala pia, ifungue kwa kompyuta nyingine uone oda ya jana iko ndani.